Jazi Barazani: Namna ya Kumpa Mwenzio Rekodi Uipendayo

Rafiki yangu mmoja wa Langoni aliniomba jazi. Kwa furaha nikamjazia flashi nyimbo arobaini. Mwezi ulipopita nikamuuliza amesikiliza ngapi. Akanambia, "Nilianza ya kwanza, nikaiona ndefu. Nikaruka ya pili, nayo ndefu." Hapo nikafahamu kwamba sikumpa kitu; nilimtwika mzigo.

Tangu siku ile nagawa rekodi moja kwa wakati mmoja, na naigawa nikiwa nimekaa na mtu, au angalau sauti yangu ikiwa pamoja nayo. Hapa Amu, yaani Lamu, tuna kikao chetu kidogo cha Jumamosi usiku, watu sita au saba, kahawa chungu na kashata. Haya nitakayoeleza nimeyapata katika kikao hicho. Ni ya mtu aliye na rekodi moja moyoni na anatamani mtu wa pili aipende.

Mkubaliane kwanza jazi ni nini

Ukitaja jazi mbele ya mtu mzima wa pwani, yeye anasikia Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Kilwa Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga. Hao walipiga dansi: magitaa yanayopokezana, rumba, maneno ya Kiswahili. Ukimwekea ghafla saksafoni inayohangaika dakika kumi bila mwimbaji, ataona umemdanganya.

Usimsahihishe kana kwamba amekosea. Mwambie kwamba ile ni jazi yetu ya dansi, na hii ni ile iliyokulia kwa watu weusi wa New Orleans na kupanda kaskazini hadi Chicago na New York. Kwamba Louis Armstrong alianza kurekodi na kundi lake la Hot Five mwaka 1925, na mwaka 1960 alifika hata Nairobi na tarumbeta lake. Sentensi mbili tatu zatosha, kisha piga muziki.

Chagua moja, uijue kama unavyomjua jirani

Kabla ya kumpa mtu rekodi, isikilize mara tatu. Mara ya kwanza yote, bila kufanya kazi nyingine. Mara ya pili fuata ala moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi hufuata besi, kwa sababu ndiyo ala ambayo msikilizaji mgeni haioni, na ukimwonyesha anashukuru. Mara ya tatu kaa na saa na daftari, uandike dakika ambayo moyo wako huruka. Dakika hiyo ndiyo zawadi yenyewe.

Katika daftari andika pia jina la wimbo, aliyeongoza, wapigaji wote na ala zao, mwaka na mahali iliporekodiwa, na urefu wake. Usione ni urasimu. Wimbo mmoja wa jazi una rekodi nyingi mno. Ukimwambia mtu "sikiliza 'Round Midnight", hujamwambia kitu: kuna ya Thelonious Monk mwenyewe aliyeutunga, kuna ya Miles Davis ya mwaka 1956 pamoja na John Coltrane, na nyingine zisizohesabika. Atatafuta, atapata isiyo yako, ataichukia, na wewe hutajua kwa nini.

Majina ya wapigaji nayo ni lazima. Katika taarabu tunauliza nani anaimba na shairi ni la nani. Katika jazi swali hilo linahamia kwa kila aliyeshika ala, maana kila mmoja wao anatunga pale pale anapopiga. Asiyejua nani anapiga husikia kelele za watu wasiojulikana. Akishajua, anasikia mazungumzo.

Nitoe mfano kwa rekodi ninayoigawa kuliko zote. Kind of Blue ya Miles Davis ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu, Machi 2 na Aprili 22, mwaka 1959. Wimbo wa kwanza, So What, una dakika tisa na zaidi kidogo. Miles yuko kwenye tarumbeta, Coltrane saksafoni ya tenor (ya sauti nzito), Cannonball Adderley saksafoni ya alto (ya sauti ya juu kidogo), Bill Evans piano, Paul Chambers besi, Jimmy Cobb dramu. Piano na besi zinaanza polepole, kama watu wanaoongea chini kwa chini kabla wageni hawajafika. Baada ya nusu dakika hivi besi inatamka sauti kuu, na wenzake wanaiitikia kwa noti mbili, kila mara zile zile mbili. Mtu wa pwani aliyekulia kwenye kuitikia hahitaji maelezo zaidi. Kisha wanapokezana: Miles, Coltrane, Adderley, Evans. Miles anaacha nafasi kubwa kati ya maneno yake. Coltrane anaingia na kuzijaza zote. Ninachomwambia mwenzangu ni hicho kimoja tu: "Sikiliza mmoja anavyonyamaza, na anayemfuata anavyoshindwa kunyamaza."

Kwa mpiga udi nina la ziada. Upande wa kwanza wa santuri za zamani za Kind of Blue sauti imepanda kidogo, kwa sababu mashine iliyorekodi siku ile ilikuwa ikienda polepole kuliko inavyotakiwa. Kosa hilo lilirekebishwa katika toleo la mwaka 1992. Ukitaka kufuatisha kwa udi, tafuta toleo lililorekebishwa, la sivyo utazungusha vigingi usiku kucha.

Anza na sikio alilonalo

Hapa ndipo penye kazi, nami nitakaa hapa kuliko kwingine. Hakuna mtu anayekuja na sikio tupu. Mtoto wa Amu amesikia kasida za maulidi, ngoma za arusi, udi wa Zein l'Abdin, mashairi ya kujibizana. Rekodi ya kwanza sharti ikutane na kimoja katika hivyo. Usimpe unayoipenda wewe kuliko zote; mpe ile iliyo karibu naye, kisha mvute taratibu.

Mwenye sikio la taarabu mimi humwekea Jazz Sahara ya Ahmed Abdul-Malik, ya mwaka 1958. Huyu alizaliwa Brooklyn, New York, akapiga besi katika kundi la Thelonious Monk, na pia alipiga udi. Katika rekodi hii kuna udi, kanuni (ile ala ya taarabu yenye nyuzi nyingi) na fidla, na katikati yao saksafoni ya Johnny Griffin, kijana wa Chicago. Wimbo mmoja unaitwa Isma'a, yaani sikiliza. Nilipomwekea ami yangu, mtu wa taarabu ya zamani, alikaa kimya hadi saksafoni ilipoingia, akauliza, "Mwanangu, huyu mbona hafiki?" Nikamwambia, "Ami, yuko kwenye taksimu." Akatikisa kichwa, akaomba irudiwe. Neno taksimu lilifanya kazi yote. Mpiga udi anapotafutatafuta njia peke yake kabla wimbo haujaanza, hatumuulizi anafika lini, tunafurahia anavyotafuta. Wapigaji wa jazi nao hufanya hivyo kwa zamu, tofauti ni kwamba besi na dramu haziwaachi peke yao.

Baada ya hiyo mpe Thimar ya Anouar Brahem, mpiga udi wa Tunisia, iliyotoka mwaka 1998. Ni udi, besi ya Dave Holland na ala za kupuliza za John Surman, basi. Dramu hazimo kabisa. Inafaa usiku mkubwa, watu wakiwa wachache.

Mpenda ngoma mpe St. Thomas ya Sonny Rollins, iliyorekodiwa Juni 22, 1956. Inaanza na dramu za Max Roach peke yake, na mdundo wake ni wa visiwa vya Karibiani. Wimbo wenyewe Rollins aliusikia kwa mamake utotoni. Vijana wanaopiga ngoma huku kwetu huanza kugonga meza kabla saksafoni haijatokea. Waache wagonge. Dakika ya kuwaonyesha ni pale Roach anapopewa nafasi yake katikati: hapotezi wimbo hata akiwa peke yake, unaweza kuuimba chini chini juu ya dramu zake.

Aliyezoea dansi anapenda Mannenberg ya Abdullah Ibrahim wa Afrika Kusini, iliyorekodiwa Cape Town mwaka 1974. Ina zaidi ya dakika kumi na tatu, lakini inazunguka kama dansi, na saksafoni ya Basil Coetzee inaimba kama mtu. Mweleze kwamba jina ni la mtaa ambao watu walihamishiwa kwa nguvu wakati wa ubaguzi wa rangi. Habari hiyo mpe baada ya kusikia. Ukiitanguliza atasikia huzuni tu, na furaha iliyomo itampita.

Mtu wa mashairi nina viwili vya kumpa. Cha kwanza ni Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa Novemba 1960, wakati nchi za Afrika zikipata uhuru moja baada ya nyingine. Inafunguliwa na sehemu iitwayo Uhuru Kwanza, ambamo shairi la Langston Hughes linasomwa, na linasomwa kwa Kiswahili pia, na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Sehemu ya mwisho ina jina Kucheza Blues. Mpangaji wa muziki wote ule ni mwanamke, Melba Liston, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga tromboni. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku rekodi hii. Nimeona wazee wakinyanyua vichwa ghafla wanaposikia lugha yao ikitoka katika studio ya New York ya mwaka ule, na hakuna hotuba yangu ingeweza kuwainua hivyo.

Cha pili ni Ella Fitzgerald akiimba Mack the Knife mjini Berlin, Februari 13, 1960. Katikati ya wimbo akasahau maneno, mbele ya watu maelfu. Hakusimama. Akatunga mengine pale pale, akaimba kwamba amesahau, akamwigiza na Louis Armstrong. Washairi wetu wa kujibizana wanajua ugumu wa jambo hilo, na kwa hiyo wanamheshimu mara moja.

A Love Supreme ya Coltrane usiitangulize. Ilirekodiwa Desemba 9, 1964, ina sehemu nne na dakika kama thelathini na tatu, na aliitoa kuwa shukrani kwa Mungu. Ndiyo rekodi ninayoiheshimu kuliko zote, na kwa sababu hiyo huipeleka kwa mtu aliyekwisha kuzoea. Jambo jingine: besi ya Jimmy Garrison inarudia noti nne, na baadaye jina la rekodi linatamkwa kwa noti hizo hizo, tena na tena. Wengi wa hapa hukumbuka dhikri. Waache waseme wenyewe. Wewe usilitangulize neno hilo, maana kuna watakaoona unachanganya ibada na muziki, na usiku wote utakwenda kwenye ubishi.

Mahali na wakati

Mji wetu una misikiti mingi na nyumba zilizobanana, sauti ya mtu ni sauti ya jirani. Sisi tunaanza saa mbili na nusu usiku, Isha ikiwa imekwisha, na tunamaliza kabla ya saa nne na nusu. Ikitokea adhana, zima. Kukiwa na msiba mtaani, hakuna kikao wiki hiyo. Ramadhani tunafunga kabisa mpaka Idi ipite. Alhamisi usiku tuliiepuka tangu mwanzo, kwani ni usiku wa kuamkia Ijumaa na watu wana uradi wao. Jirani aliye ukuta mmoja nawe mwombe ruhusa, umkaribishe na kahawa. Wetu alikuja mara moja kwa adabu tu, siku hizi huuliza ni rekodi gani leo. Kina mama wana kikao chao cha alasiri nyumbani kwa dada yangu, nao wametupita kwa kumjua Ella.

Baraza ya nje ni nzuri kwa mazungumzo, kwa jazi ni mbaya. Kusi ikivuma, brashi za dramu hazisikiki, na punda akipita dakika ya tatu anaondoka na solo ya piano, yaani ile zamu ya mpigaji kutunga peke yake. Ingieni ndani. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu ya urefu wa boriti, na kuta tupu hurudisha sauti hata matoazi yanakuwa makelele. Tandika mikeka, weka mito, ning'iniza pazia zito upande mmoja. Spika ndogo ya Bluetooth haina besi ya kutosha. Iweke karibu na ukuta, au pembeni kuta mbili zinapokutana, na utaona besi imenenepa. Usiitie ndani ya kidaka cha ukutani hata kama kinapendeza, sauti itatoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Ichaji mchana, umeme usikukatize.

Usiku wenyewe

Sema kidogo kabla ya kupiga. Nusu dakika: nani, wapi, lini, na jambo moja la kusubiri. Kisha wimbo upigwe mpaka mwisho, simu zikiwa zimefunikwa chini. Sisi tuna sharti moja tu gumu, nalo ni kutozungumza juu ya solo. Watu huvunja sharti hili kwa mapenzi, kwa sababu anayeijua rekodi anatamani kuonyesha: "Sikia hapo! Sikia!" Akishasema hivyo mwenziwe amesikia yeye, hakusikia rekodi. Inua kidole kama umeshindwa kujizuia.

Ikiisha, nyamazeni kidogo, mimina kahawa, ndipo muulize. Usiulize "umeipenda?", kwa kuwa mtu wa adabu atajibu ndiyo. Uliza, "Umemfuata nani?" Hapo atakwambia ukweli: kwamba alimfuata mpiga piano, au kwamba alipotea saksafoni ya pili ilipoingia. Alipopotea ndipo pa kurudia. Pigeni wimbo ule ule mara ya pili. Nakuomba usiruke hatua hii hata kama watu wanataka wimbo mpya, maana jazi husikika mara ya pili. Mara ya kwanza sikio linatafuta tu milango iko wapi. Nyimbo mbili kwa usiku, kila mmoja mara mbili, zinatosha sana.

Akisema hakuipenda, kubali. Muulize ni kipi kilichomchosha na uandike katika daftari. Aliyechoshwa na urefu mpe rekodi za zamani za sahani za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja ulichukua dakika kama tatu tu: West End Blues ya Armstrong, ya Juni 1928, inaanza na tarumbeta peke yake na inatosheleza kwa muda mfupi huo. Aliyechoshwa na saksafoni mpe piano.

Anayekaa mbali

Wenzetu wako Malindi, Mombasa, Jeddah. Kwao rekodi huenda kwa simu, na sheria ni ile ile ya moja kwa wakati mmoja. Tuma kiungo cha mahali inapopatikana kihalali, ufuatishe ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja, kwa sauti yako ya kawaida, ukitaja wapigaji na ile dakika yako. Kama rekodi ni ya kwenu, mfano mmerekodi kikao cha udi, itume kama faili ya hati badala ya kurekodi upya kwa simu mbele ya spika. Ukirekodi upya besi yote inakufa. Kumbuka bando la mwenzio: wimbo wa dakika tisa kwa ubora wa chini wa kawaida ni kama MB 9, na kwa ubora wa juu hufika MB 20 na zaidi.

Na umwambie avae visikilizio vyote viwili. Katika toleo la sterio la So What, saksafoni ya Coltrane iko kushoto na ya Adderley kulia. Niliwahi kuwaona vijana wawili kwenye boti ya Mokowe wamegawana visikilizio, kimoja kimoja, wakibishana kwa dhati kama saksafoni iko mbali au karibu. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa sikio lake. Niliwaomba wabadilishane, na mpaka tunafika gati walikuwa wameirudia tangu mwanzo.

Nawe upokee

Anayegawa tu bila kupokea huwa mwalimu, na watu humchoka. Kwa hiyo zamu inazunguka. Mwenye zamu analeta rekodi, analeta na daftari lake, sisi wengine tunasikiliza kwa masharti yale yale, hata akileta kitu ambacho hatukitaki. Mimi sikuwa mpenzi wa Keith Jarrett. Jamaa mmoja, fundi wa mashua, akaleta The Köln Concert, tamasha la piano peke yake la Januari 24, 1975, akatueleza kwa utulivu kwamba piano waliyompa Jarrett usiku ule ilikuwa ndogo na mbovu, kwa hiyo alikaa zaidi kwenye noti za katikati na kuzirudia kwa mkono wa kushoto. Akasema ni kama kupewa mbao iliyopinda: unafuata pale inapotaka kwenda. Nilisikiliza mkono ule wa kushoto kwa dakika ishirini na sita za sehemu ya kwanza, na nimeinunua.

Mwisho wa usiku andikeni katika daftari la kikao: tarehe, rekodi, aliyeileta, na neno moja la kila mtu. La ami yangu kwa Jazz Sahara ni "kafika". Jumamosi ijayo zamu ni ya mpwa wangu wa miaka kumi na saba. Amekataa kutwambia analeta nini. Ameuliza tu kama pazia lile zito litakuwepo, na kama anaweza kuja mapema kujaribu spika pembeni mwa ukuta.